Sufu Haikai Juu ya Kitani

Otieno na Shomari, mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi yetu, ili siku mkipata mwanafunzi mpya msianze kubishana mbele yake. Haya ndiyo. Msitafute humu habari za nani alipandishwa cheo, kwa sababu katika karakana ya Nabil hapakuwa na vyeo. Kulikuwa na Nabil, halafu sisi, na katikati yetu ile cherehani kubwa ambayo ilisikilizwa kuliko wote.

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba. Najua mnacheka. Daktari wa Parramatta, hapa Sydney, alitazama picha ya bega langu la kulia akasema ni bega la mzee wa miaka sabini. Nikamwambia huyo mzee amenifanyia kazi nzuri, aachwe apumzike, na mimi nitamfuata popote atakapokwenda kupumzikia.

Ufundi wangu wa makochi haukuanzia Merrylands, kwenye karakana ya Nabil. Ulianzia Tanga, kwenye kibanda cha babu mzaa mama, na babu huyo lazima nimweleze kwanza, maana nusu ya mambo mnayoyafanya kazini ni yake.

Aliitwa Haskeli. Alikuwa Myahudi kutoka mji mdogo wa Lithuania ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa na matope, farasi na wajomba. Mjomba mmoja alihamia Afrika Kusini, akaandika kwamba huko kuna jua na nyama ya kutosha. Babu, kijana fundi wa viti, akapanda meli kumfuata, miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili. Hakufika. Jino lilikuwa likimuuma tangu Suez, na meli ilipotia nanga Tanga akashuka kutafuta mtu wa kuling'oa. Aliyepatikana alikuwa kinyozi. Kinyozi alikuwa mtu makini sana, hakutaka kuharakisha, na alipomaliza meli ilikuwa imeshaondoka na sanduku la babu. Alibaki na nguo alizovaa na nyundo yake, ambayo hakuiacha mahali popote, hata msalani.

Alikwenda kukaa kwenye hoteli moja, avimbe shavu kwa utulivu. Springi ya kiti ikamchoma. Mgiriki mwenye shamba la mkonge alipoingia alimkuta Mzungu kavimba shavu, kapindua kiti cha hoteli, anakitengeneza bila kuombwa na mtu. Akampeleka shambani akatengeneze viti vya nyumba nzima. Mjomba wa Afrika Kusini alisubiri. Nadhani alisubiri sana.

"Kwa nini hukupanda meli iliyofuata?" nilimuuliza nilipokuwa mdogo.

"Kulikuwa na kochi sijamaliza," alisema. "Halafu nikamwona bibi yako."

"Mwongo mkubwa," bibi akadakia kutoka jikoni. "Mimi ndiye niliyemwona. Nilisema, Mzungu gani huyu anatembea na nyundo kama anakwenda kumpiga mtu?"

Bibi Mwanahamisi alikuwa Mdigo na Mwislamu, na wazee wake walisema binti yao haolewi na mtu asiyejulikana anaswali wapi. Babu akaenda kwa kadhi, akapewa jina la Yakubu, akasema jina si geni, hata kwao lipo. Siku ya Idi alivaa kanzu na kula pilau kuwazidi waliofunga. Lakini kila Ijumaa jioni alifunga kibanda mapema, akawasha mshumaa nyumbani hata kama taa zinawaka. Akiulizwa, alijibu kwamba umeme wa Tanga hauaminiki, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli tupu, hakuna aliyeendelea kuuliza. Kuhusu wazazi wake na dada zake nilimsikia mara moja tu. Alisema vita vilipoanza barua zilikoma, na vilipokwisha hazikuanza tena. Kisha akatia misumari kinywani, na mtu mwenye misumari kinywani huwezi kumuuliza swali la pili.

Hiyo misumari mnaijua. Inatiwa kinywani kiganja kizima, ile midogo. Ulimi unaugeuza mmoja mmoja, kichwa mbele, unaugusisha kwenye nyundo ya sumaku, unapigilia, unarudi kuchukua mwingine. Mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Mama yangu na ndugu zake walikua wakiamini kwamba babu akiwa kimya vile, midomo ikichezacheza, anasali. Walikatazwa kupiga kelele. "Nyamazeni," bibi alisema, "baba yenu yuko na Mungu wake." Walikaa kimya mbele ya makochi kwa heshima zote.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakumfurahisha mtu isipokuwa babu, kwa sababu alipata msaidizi. Alinifundisha kutandika mikanda, kufunga springi, kuchambua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, mpaka uwe laini kama nywele za mtoto. Na alinipa masharti ya kazi. Ukishonewa nguo ukiwa umeivaa, tafuna uzi mpaka sindano imalize. Ukipaka rangi karakana, acha kipande cha ukuta mkabala na mlango bila rangi. Na kubwa kuliko yote: sufu haishonwi pamoja na kitani. Kamwe. Mteja akitaka, mrudishie kiti chake na umtakie siku njema.

"Kwa nini, babu?"

"Nondo," alisema. "Wale wadudu wanaokula nguo. Wakikuta sufu na kitani pamoja wanapata wazimu."

Nikaamini. Ningeachaje kuamini? Alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na niliwaona wengi baadaye, maana babu alipofariki miguu iliniwasha. Nilifanya kazi Mombasa, nikaenda Maskati, nikaenda Perth, na kila nilipofika nilianza kukumbuka nilikotoka, na nilipokaribia kupazoea nikaondoka. Makochi ya watu nimeyajua vizuri sana. La kwangu mwenyewe nimelinunua mwaka huu.

Siku ya kwanza kwa Nabil alinipa kiti cha kizamani kama mtihani. Nilitia misumari kinywani nikaanza. Nabil, ambaye kwao ni Lebanoni na ambaye huongea kama anagombana hata akikusalimia, aliacha simu yake ikining'inia.

"Wewe! Chai ipo, biskuti ipo. Kwa nini unakula misumari yangu?"

Sikuweza kumjibu, mnajua kwa nini. Nilipomaliza alikikalia kiti, akarukaruka juu yake, akasema, "Kula tu. Kula utakavyo."

Baadaye ukaja wewe, Otieno, umechoka na kazi ya kulea wazee, ukasema afadhali viti, havibonyezi kengele. Ulikuwa shemasi kanisani na ulitaka kila jambo liwe na aya yake. Kisha Shomari, umekuja Sydney kusomea uhasibu, ukaomba kazi ya muda mfupi, na muda huo mfupi haujaisha mpaka leo. Niliwapa masharti yote kama nilivyopewa. Mlitafuna uzi. Tulipopaka rangi mkaacha kipande mkabala na mlango, na Nabil alipouliza nikamwambia ukuta unapumua kupitia hapo. Akakubali, akasema hata unyevu umepungua. Na kitambaa cha sufu mlikitenga na kitani kama paka na panya. Mara ngapi tumewarudisha wateja? Nabil alidhani ni utaalamu wa Afrika Mashariki na alijisifia kwa washindani wake.

Ndipo ikaja Korona.

Msinikumbushe mlivyocheka siku ya kwanza ya barakoa. Nilitia misumari kinywani, nikavaa barakoa juu yake, nikasahau, nikasukuma msumari kwa ulimi kama kawaida. Ukatoboa barakoa ukasimama hapo, umechungulia kama mtu anayeangalia kama mvua imeisha. Shomari alilala chini. Nabil akapiga marufuku kinywa kizima: hakuna misumari, hakuna uzi, hakuna kupuliza vumbi la chaki. Tukahamia kwenye bunduki ya pini, na kuanzia hapo bega langu likaanza kuzeeka kwa haraka.

Kufungiwa kwa mara ya pili ndiko kulikotuumiza. Upande wetu wa magharibi wa jiji ulibanwa kuliko upande wa pwani, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya Merrylands kama imepoteza kitu. Wateja walipotea. Zilibaki kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kiti kimoja cha Bibi Frida, mama mzee wa upande wa mashariki, tulichokichukua kabla ya mipaka ya mitaa kufungwa. Ya pili ndiyo iliyokuwa roho yetu: makochi ya nyumba nzima ya mama mmoja msanifu wa majengo. Nabil alituita, akakaa juu ya rundo la sponji, akaongea polepole. Tukaogopa, maana hakuwahi kuongea polepole.

"Tukiifanya hii, tunabaki wazi. Tusipoifanya, nafunga mwisho wa mwezi. Nyote mnarudi nyumbani, na mimi narudi kwa mke wangu mchana kutwa, jambo ambalo hata yeye hataki."

Kisha akafunua sampuli. Sufu nzito ya kijivu juu, bitana ya kitani chini, vishonwe pamoja.

Nilisema hapana kabla sijajua nimesema.

"Nondo," nikaeleza.

Nabil alipiga simu kwa mafundi wenzake pale pale, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewahi kusikia habari ya nondo kupata wazimu. Mmoja aliuliza kama fundi wangu amepimwa homa.

Nikampigia mama Tanga. Nilitaka anipe ushahidi.

"Ni kweli alisema nondo," mama akakubali. "Mimi nilimuuliza, baba, nondo gani? Tanga nzima hii haina sufu ya kumshibisha nondo mmoja."

"Akasemaje?"

"Akatia misumari kinywani."

Sikulala vizuri. Babu yangu alikuwa fundi au alikuwa mzee mwenye visa? Ninyi wawili mlikuwa na familia. Nilikuwa nataka kufunga karakana kwa ajili ya mdudu ambaye mama yangu mwenyewe hakumwamini.

Bibi Frida ndiye aliyeifungua hiyo habari, na alifanya hivyo kupitia simu. Alitaka kuona rangi za vitambaa kwa kiti chake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuja, Nabil alituwekea simu ya video juu ya meza. Asubuhi ile nilikuwa nimenasa koti langu kwenye ndoano, mkono umechanika. Shomari alikuwa ananishonea nikiwa nimelivaa, na mimi, kwa kuwa Nabil yuko nje, nimeshusha barakoa natafuna uzi. Simu ikawaka. Uso wa mama wa karibu miaka tisini ukajaa kwenye kioo, paji la uso tu kwanza, kisha jicho.

"Unatafuna nini wewe kijana?"

"Samahani, bibi. Uzi."

"Najua ni uzi! Nauliza nani amekufundisha. Bibi yangu alikuwa akitutia uzi kinywani hivyo hivyo. Anayeshonewa bila kutafuna ni maiti, kwa sababu maiti ndiye anayeshonewa sanda amenyamaza. Ukitafuna, unaonyesha bado uko hai. Wewe Mwafrika umeupata wapi uzi wa bibi yangu?"

Shomari akakata uzi akarudi kwenye cherehani, nami nikamwambia bibi kuhusu Haskeli wa Lithuania, jino, kinyozi na meli. Alicheka mpaka picha ikatikisika. Yeye mwenyewe aliletwa Sydney akiwa msichana, baada ya vita, na mama yake, wawili tu waliobaki. Aliniuliza babu alikuwa na visa gani vingine. Nikamgeuzia simu akaona kipande cha ukuta kisicho na rangi.

Alisogeza jicho karibu na kioo. "Hicho ni kwa ajili ya nyumba iliyobomolewa," akasema. "Hekalu letu la zamani. Myahudi hamalizi nyumba yake yote, anaacha mahali pa kukumbuka."

Nilikitazama kile kipande cha ukuta nilichokuwa nikimwambia Nabil kwamba kinapumua. Nikafikiri juu ya mji wenye matope, farasi na wajomba. Babu alipaka chokaa kibanda chake kila mwaka, na kila mwaka alisimama mbele ya mahali pale akiwa na brashi, kisha akaiosha.

"Na sufu na kitani?" nikauliza.

"Ah! Hiyo ni sheria kabisa, imo katika Torati. Haijatolewa sababu. Imeamriwa tu."

"Si nondo?"

"Nondo gani?"

"Na misumari? Alikuwa anatia misumari kinywani kimya kimya. Mama yangu anasema ilikuwa sala."

"Hiyo hapana," alisema Bibi Frida. "Hiyo ni njia ya kuharibu meno."

Basi hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kwa miaka yote hiyo, katika karakana ya Mkristo wa Lebanoni, nilikuwa nimemfanya Mwislamu wa Magomeni na shemasi wa Kisumu washike sheria za Kiyahudi, tena kwa ukali kuliko Wayahudi wengi wa Sydney. Nilimuuliza Bibi Frida nifanye nini na oda ya msanifu. Akanihoji kuhusu ukoo kama afisa wa uhamiaji.

"Haskeli alikuwa baba wa mama yako? Na mke wake Mwislamu? Kwetu Uyahudi hupitia kwa mama. Kwa hiyo wewe si Myahudi, sheria haikubani. Shona."

"Na yeye, babu? Alikuwa anawashonea Wagiriki."

"Kuwashonea Wagiriki aliruhusiwa. Hakutaka tu. Labda lilikuwa jambo moja alilobaki nalo ambalo hakuna aliyeweza kumuuliza."

Nilirudi kwenu nikiwa mwepesi. Mnakumbuka nilivyowaita, nikawaeleza yote, nikawaambia nimewafungua: nondo hayupo, sheria haituhusu, tunashona sufu juu ya kitani, karakana inabaki wazi. Nilitegemea mtashangilia.

Otieno akakunja mikono. "Zii, Fundi. Hapana."

"Hapana nini?"

"Hii kitu iko kwa Biblia. Nimeangalia sasa hivi kwa simu. Umenifundisha vizuri miaka yote, leo ndio nimejua kumbe ni maandiko, halafu leo ndio unaniambia niache? Mke wangu nilimfanya atupe blauzi mbili!"

"Lakini hata kwenu haiwabani. Si mnakula nguruwe?"

"Mimi sili," Shomari akasema. "Na mimi pia sishoni. Fundi, nilipofika hapa sikujua hata kushika mkasi. Ukaniambia fundi wa kweli anajulikana kwa kitu anachokataa. Sasa nitajulikana kwa nini?"

"Kwa kuwa na kazi!"

"Kazi ya nani? Ukikishona wewe, kishone. Mimi nakushikia taa."

Nikaketi kushona mwenyewe. Mnakumbuka, mlisimama mmoja huku na mmoja huku kama mashahidi wa ndoa. Nilitunga uzi. Niliweka sufu juu, kitani chini. Sindano ikaingia kwenye sufu, ikafika kwenye kitani, na mkono ukakataa. Nasema mkono, kwa sababu mimi nilikuwa tayari. Niliuvuta, nikaanza tena, ukakataa tena. Nabil aliingia akatukuta watu wazima watatu tunatazama sindano moja.

"Mungu wangu," akasema, na nyote mnajua alichoongezea kwa Kiarabu.

Nilimweleza. Sikuficha chochote, hata ukuta unaopumua. Alikaa juu ya sponji zake akatazama kile kipande, kisha akaniambia kijiji cha mama yake nacho kina nyumba ambazo hazikujengwa tena. Baada ya hapo akarudi katika hali yake, akapaza sauti kwamba tumemfilisi, akaitupa simu mezani. "Mpigieni mteja wenyewe. Mwambieni mmekataa. Mimi siwezi kuona."

Nilinyoosha mkono, lakini Otieno alishaichukua. Akaweka sauti ya wote tusikie, akaongea kile Kiingereza chake cha kanisani, na hapa nakiandika kwa Kiswahili.

"Mama, hujambo. Ni Otieno wa makochi. Tutafanya kazi yako yote, lakini hatutashona sufu na kitani. Tutakuwekea bitana ya marekani, pamba nzito safi. Ukitaka kitani, itabidi tukutakie siku njema."

Helikopta ikapita juu. Nabil alifunga macho.

"Kuna tatizo la kiufundi?" akauliza yule mama.

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Otieno alinitazama. Nilidhani atasema nondo. Ningemsamehe.

"Babu yetu alikataza," akasema.

"Babu yenu? Nilidhani mnatoka nchi tofauti. Ninyi ni ndugu?"

Shomari akainama kuelekea kwenye simu. "Ndiyo, mama," akasema. "Upande wa mama."

Tukasikia kalamu ikigongwa mezani, mara kadhaa. Kisha akasema, haya, wekeni hiyo pamba, na akataka kujua babu alikuwa nani. Otieno akavuta kiti akakaa. "Alikuwa anakwenda Afrika Kusini," akaanza, "lakini jino likamuuma."